Nguzo Iliyolalamika

Mshauri wa zahanati alimwomba binti amwonyeshe, naye akaonyesha. Akakamata kidole gumba cha mkono wa kushoto, akakilaza mpaka kikagusa mkono kwa ndani, kama mtu anayekunja ukosi wa shati. Kisha akavisukuma nyuma vile vidole vingine, vikaenda vikaenda, mpaka vikakaribia kulala juu ya mgongo wa kiganja. Na kabla ya yote hayo, kabla hata hajagusa kidole, alitabasamu.

Lilikuwa tabasamu zuri. Meno yote nje, macho yamekunjamana, shavu moja limeingia kishimo. Mshauri, dada mmoja mwenye miwani na sauti ya taratibu, akashindwa kujizuia, akacheka naye. Alisema hajaona kitu kama hicho tangu azaliwe. Wakazungumza kidogo. Analala vipi, anakula vipi, kazini wanaelewana? Kila swali lilipata jibu zuri, na tabasamu likabaki palepale, kama taa iliyosahaulika mchana. Mwishoni mshauri akamwambia kuwa amekutana na watu wengi wenye maradhi yasiyoisha, na ni wachache wanaojimudu kama yeye. Nafasi zenyewe ni chache, anafika zahanati hiyo siku moja tu kwa wiki, na kuna watu wameelemewa kabisa. Basi aende, aendelee hivyo hivyo, na mambo yakizidi arudi.

"Ahsante, dada," akasema, akatoka.

Ni pale kwenye korido, mlango ulipofungwa nyuma yake, ndipo uso ulipomshuka wote kwa mpigo, kama pazia lililokatika kamba. Alikuwa amekuja kumwambia yule dada kwamba hataki kuishi tena.

Mama yake alikuwa kwenye benchi, mkoba mapajani, kama vile yeye ndiye anayesubiri kuitwa. Akauliza wamesemaje.

"Amesema najimudu."

Mama akapumua kama aliyetua mtungi. Si alisema yeye? Akili za mwanawe ni timamu, watu wanapenda tu kuwapeleka watoto wa wenzao kwenye vyumba vya ajabu. Njia nzima alikuwa mchangamfu, anasimulia habari za jirani na kuku wake wanaotaga kwenye viatu, na binti anaitikia kila panapohitaji kuitikiwa.

Binti huyu mtaa mzima walimwita Mpira. Jina hilo alilipata kwa baba yake, na baba yake alikuwa kinyozi. Si kinyozi wa vioo vinne na muziki, hapana. Kilikuwa kibanda cha mbao, kiti kimoja cha chuma kinachozunguka, kioo kimoja chenye ufa kwenye kona, na mlangoni pazia tu, limening'inizwa kati ya nguzo mbili. Lakini benchi la wateja halikuwa tupu hata siku moja, na si kwa sababu mwenyewe alinyoa haraka. Mtu yule alinyoa polepole kuliko nywele zinavyoota. Atamaliza upande mmoja wa kichwa, upande wa pili bado kichaka, halafu anaweka mkasi chini na kuanza hadithi. Mteja anajiona kwenye kioo, nusu yai, nusu msitu, anacheka mpaka machozi yanamtoka, na kuondoka hawezi, maana ataenda wapi na kichwa cha namna ile? Watu walisema ukienda kunyolewa kwa yule bwana, beba na chakula cha mchana.

Hadithi ikifika patamu, alikuwa na tabia ya kurudi kinyumenyume hadi mlangoni na kuegemea nguzo kwa bega. Akijibanza vile, nguzo ilitoa sauti. Ko. Sauti fupi, nzito, kama mtu aliyebisha hodi mara moja akabadili nia. Hapo baba anageuka, anaikazia nguzo macho.

"Unalalamika nini wewe? Nani hajachoka hapa?"

Kibanda kizima kinaangua kicheko. Kuna watoto waliotoka mtaa wa pili kuja kuisikia nguzo inayolalamika, na walipoiegemea wao, ikanyamaza kimya. Baba akawaambia inamjua mwenyewe. Mama tu ndiye hakuipenda. Hakuweza kuvumilia mumewe aegemee kitu kibovu siku ikamdondokea. Kila akipita akaisikia, alirudi nyumbani kuchukua nyundo, akaipigilia msumari mwingine, huku baba akimwambia, "Taratibu, mke wangu, utaiumiza."

Vidoleni baba alivaa pete za mpira, vipande vya tyubu ya baiskeli alivyokata mwenyewe na kuvivalisha kwenye viungo. Alisema kinyozi asiye na pete atakata sikio la mtu. Binti yake aliamini, kwa miaka mingi, kwamba vinyozi wote duniani huvaa hivyo.

Siku alipomwona mtoto wake amekaa sakafuni, miguu imekunjika kwa nje kama ya panzi, alifurahi kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Akampa jina, akampa na kazi. Benchi likijaa, hadithi zikipungua, anaitwa Mpira, anasimama katikati ya kibanda, anapeleka mguu nyuma ya shingo, anakunja vidole upande usio wao, wateja wanashika vichwa. Somo lake lilikuwa moja tu, na walilifanyia mazoezi mbele ya kioo, wawili hao, baba gumba lake na mtoto gumba lake.

"Cheka kwanza, Mpira. Cheka kwanza, halafu ndiyo ukunje. Ukikunja umenuna, watu watadhani umevunjika."

Jioni, magoti yakimuuma mtoto, baba alichovya kwenye maji ya moto lile taulo la kulainishia ndevu za wateja, akamkanda bila kuuliza ni wapi. Mikono yake ilikwenda yenyewe penye maumivu.

Alifariki mchana, palepale kibandani. Aliweka mkasi chini, akakaa kwenye kiti cha wateja, na waliokuwa kwenye benchi wakasubiri hadithi. Moyo, watu walisema. Mpira alikuwa anamaliza shule ya msingi, na shule ikaishia hapo. Kibanda kikavunjwa. Kiti cha chuma kikaletwa sebuleni, kikawekwa kwenye kona, na hakuna aliyekikalia. Nguzo ile mama aliisimamisha uani, akaifungia kamba ya kuanikia nguo.

Mpira akakua, akajifunza kushona, akapata kazi kwenye karakana ya sare za shule. Kazi yake ilikuwa kola. Na ni katika umri huo, wenzake wanapoanza kuchumbiwa, ndipo viungo vilipomgeuka. Bega lilichomoka akivuta ndoo. Likachomoka tena akinyoosha mkono kuchukua uzi, tena akijigeuza kitandani. Nyonga ikawa inateleza. Vidole vikawa havishiki sindano mpaka avifunge utepe. Akisimama ghafla dunia inazunguka, tumbo halitaki chakula, na uchovu wake ulikuwa si wa kupumzika ukaisha. Aliamka nao.

Alikwenda kwenye chumba cha mifupa. Wakampiga picha, wakasema mifupa mizuri kabisa, huyu ana mawazo, aende chumba cha wenye mawazo. Kule wakamsikiliza kidogo, wakasema huyu mwili ndio unaomsumbua, arudi kwa watu wa mifupa. Akawa kama barua isiyo na anwani. Mwishowe daktari mmoja mzee alimkunja kidole, akakunja kiwiko, akatikisa kichwa. Akasema viungo vyake vimelegea tangu tumboni mwa mama yake, ni maumbile, ni kitu cha damu, hakuna dawa ya kuvikaza. Ajitunze. Neno hilo alilibeba mpaka nyumbani na hakujua pa kuliweka.

Mama aliposikia alisema ni maneno ya watu wasiotaka kufanya kazi yao. Kitu cha damu, damu ya nani? Kwao hakuna ugonjwa huo. Na baba yake, Mungu amrehemu, alisimama kutwa kwa miaka yote ile na hakusema hata siku moja kwamba kidole kinamuuma. Mama hakulisema hilo kwa ubaya. Alilisema kama wengine wanavyosema dua. Kila Mpira alipochelewa kuamka, kila alipoacha nguo nusu ndani ya beseni: baba yako hakuwahi kuumwa.

Kilichomtisha Mpira hakikuwa maumivu tena, hayo alishayazoea. Alianza kutamani usingizi usiokuwa na asubuhi. Wazo hilo mwanzoni lilikuja kama mgeni, likaishia mlangoni. Baadaye likawa linaingia bila hodi. Linakaa naye kwenye cherehani, linamsubiri akila, na lilikuwa pole sana, halimpigii kelele kama watu. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi, ule upole wake.

Kwenye karakana alikuwepo mama mmoja mtu mzima aliyeshona vifungo, wakamwita Bi Vifungo, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi. Wengine kila asubuhi walimpokea Mpira kwa swali lilelile, "Kiungo cha leo ni kipi?" naye anacheka kabla yao. Bi Vifungo hakuuliza. Siku moja alimkuta stoo, amejibanza kati ya majora ya kitambaa, analia bila sauti. Hakumpa pole. Alimwambia kuna dada anakuja zahanati kila wiki, mdogo wake mwenyewe alipita kwake akatoka mtu, na kama Mpira haendi basi yeye Bi Vifungo atambeba mgongoni kama mtoto. Ndivyo alivyokwenda. Ndivyo alivyofika, akatabasamu, akaambiwa anajimudu.

Baada ya hapo mambo yakaharibika upesi. Msimamizi alimwagiza ashushe jora la kitambaa kutoka rafu ya juu. Alilivuta, akasikia bega likiteleza. Cheka kwanza. Uso ukafanya kazi yake. Msimamizi alipomwona vile akasema, "Unachekelea? Basi lete na lile la bluu." Akaleta na lile la bluu. Hapo mkono wote ukaning'inia kama wa shati kwenye kamba, akakaa sakafuni, meno nje, machozi yanatiririka, na wasichana wa cherehani za ovaloki wakapiga makofi wakidhani ni vichekesho vyake vya kawaida. Alijikokota hadi kwenye meza ya kukatia, akaliweka bega kwenye ukingo, akajisukuma.

Ko.

"Sauti gani hiyo?" Bi Vifungo aliuliza.

"Meza," akajibu Mpira. "Inalalamika. Imechoka na nyinyi."

Karakana nzima ikacheka, na msimamizi naye akacheka, kazi ikaendelea. Yeye akarudi kwenye kola zake na jambo fulani likimkera kichwani, kama uzi ulionasa kwenye ukucha. Hakujua ni nini.

Bi Vifungo alimfuata stoo. Akamuuliza kama alimwambia yule dada wa zahanati lile lililomliza, neno lenyewe, si habari za kulala na kula. Mpira akasema hapana. Kwa nini? Kwa sababu alicheka.

"Ulicheka."

"Tabasamu linakuja lenyewe, mama. Siwezi kulizuia."

"Basi funga mdomo kwa pini," alisema Bi Vifungo, halafu akamshika ule mkono uliofungwa utepe, akautazama kama anayetafuta mahali pa kutia kifungo. "Rudi, mwanangu. Mimi si mwoga lakini wewe unanitisha."

Nyumbani alijaribu mbele ya kioo. Alijiambia neno lile, kwamba hataki kuishi tena, kwa sauti ya chini, na kila alipolisema uso ulitabasamu. Akajaribu kununa, akafanana na mtu anayeigiza kununa, ikamchekesha kwelikweli. Mama alipotoka kwenda dukani, Mpira akaenda akakaa kwenye kiti cha chuma. Alikuwa akifanya hivyo kwa siri, kwa sababu pale pa kuegemeza kichwa ndipo mahali pekee shingo yake ilipotulia. Akakizungusha kwa mguu. Kikageuka, kikamwelekeza ukutani, na hapo akakumbuka.

Baba alipofika kwenye kisogo alikuwa akikigeuza kiti namna ile, mteja anatazama mbao, kinyozi yuko nyuma yake. Na ni hapo wanaume walipokuwa wakisema. Mbele ya kioo ni utani mtupu. Wakigeuziwa ukuta, mtu mzima na ndevu zake anaanza kueleza jinsi mkewe alivyoondoka, jinsi anavyomwogopa mwanawe, jinsi asivyolala. Baba alikuwa anasema "enhe" tu. Wakishamaliza anakizungusha kiti, wanajitazama kwenye kioo, wanalipa, wanakwenda.

Alirudi zahanati wiki iliyofuata. Mama akaja naye akanuna, maana aliyeambiwa anajimudu anarudi kufanya nini? Mshauri alimkumbuka, akafurahi kumwona, na tabasamu la Mpira likamkimbilia kabla yake kama mbwa wa nyumbani.

"Dada," alisema, "naomba nikupe mgongo. Si ufidhuli. Uso wangu ni mwongo."

Mshauri alimtazama. Kisha akainuka, akamsaidia kugeuza kiti, akavuta cha kwake mpaka nyuma. Ukutani palikuwa na doa la maji lenye umbo la sufuria. Mpira akalitazama doa, akalisema lile neno. Lilitoka dogo, kavu. Hakuna aliyeshtuka. Nyuma yake ile sauti ya taratibu ikasema, "Nakusikia. Endelea."

Akaendelea. Alieleza jinsi wazo lile lilivyo pole. Jinsi anavyouogopa mkono wake mwenyewe kama unavyomwogopa mtu asiyetabirika mnayeishi naye. Jinsi alivyochoka kupelekwa huku na huku, na jinsi asivyoweza kumwambia mama, kwa kuwa mama ana mume mmoja tu wa kujivunia, naye hakuwahi kuumwa. Mshauri akauliza maswali, ya moja kwa moja, kuhusu hilo wazo, linakuja wakati gani, na kama amewahi kulifuata. Akajibu ukweli. Halafu akaulizwa hilo tabasamu alilitoa wapi.

Hapo akapata nguvu, maana hiyo ni habari anayoipenda. Akamsimulia kibanda, nusu yai nusu msitu, pete za tyubu, na nguzo. Alisimulia vizuri, kwa sauti zote, hata ile ko aliigiza. Mama alivyoijaza misumari. Na kichekesho chenyewe, akasema, ni kwamba baba alipofariki, seremala aliyekuja kuvunja kibanda aliikagua nguzo ile akashangaa. Mti mzima. Mgumu kama chuma. Haujaoza popote, haujapasuka popote, angeweza kujengea nyumba. Akamuuliza mama, sasa hii ilikuwa inalalamika nini? Mama akacheka, mara moja tu katika msiba wote ule.

Mshauri hakucheka.

Mpira alilitazama doa la maji. Lile jambo lililomnasa kichwani tangu siku ya jora likalegea, likatoka lenyewe. Meza. Inalalamika. Alinyanyua mkono wa kulia akalishika bega la kushoto, taratibu, kama mtu anayempapasa mwingine gizani kujua ni nani.

"Haikuwa nguzo," akasema.

"Enhe," ikasema sauti nyuma yake.

Baba alikuwa anasimama katikati ya kunyoa kwa sababu mkono umekwisha. Hadithi zote zile. Kila hadithi ilianza pale mkono ulipogoma, na wateja walilipa kuzisikia. Alikuwa analirudisha bega lake mbele ya watu wote, anaigombeza nguzo ili wasigeuke kumtazama yeye. Taulo la moto lilikwenda penye maumivu kwa sababu lilipazoea. Na siku ile alipomwona mtoto wake amekaa kama panzi, alicheka, akampa dawa pekee aliyokuwa nayo. Hakuwa na nyingine. Hakuwa na mtu wa kumgeuzia mgongo. Yeye ndiye aliyekuwa anasimama nyuma ya wenzake.

Alilia kwa namna ambayo hakuwahi kulia, kwa sauti, mdomo wazi, na mshauri aliweka kiganja kwenye mgongo wa kiti, si kwake, kwenye kiti, akakiacha hapo. Baadaye akamuuliza leo akitoka atakuwa na nani.

"Mama."

"Anajua?"

"Anajua najimudu."

Mshauri akasema aje wiki ijayo, na inayofuata, na nyingine. Kiti yeye mshauri atakigeuza kabla Mpira hajaingia. Lakini leo asilale kabla mama hajajua, na kama ni vigumu, amwite ndani waseme pamoja. Mpira akasema atamwambia mwenyewe, nyumbani.

Mama kwenye benchi aliuliza wamesemaje, akajibiwa amesema nirudi, na njia nzima hapakuwa na habari za kuku.

Walipofika mama alikwenda moja kwa moja uani kuanua nguo, kama anavyofanya akiwa na hasira na hataki kuisema. Mpira akamfuata. Akashika beseni. Akamwambia lile neno, sasa kwa mara ya pili siku hiyo, akiwa ameinamia nguo ili mama asione uso. Mama akasimama na shuka mkononi. Kisha akasema, kwa sababu ya viungo tu? Watu wanaumwa makubwa. Mbona baba yako...

"Mama," akasema Mpira. "Haikuwa nguzo."

Mama hakuelewa. Na yeye hakuwa na maneno ya kuelewesha, yote aliyaacha ukutani zahanati. Tangu asubuhi bega lake lilikuwa limekaa nusu ndani nusu nje, kama kawaida yake. Akaweka beseni chini. Akarudi kinyumenyume hadi kwenye nguzo, akaiegemea, na tabasamu likaja lenyewe, meno yote, kishimo shavuni. Akajisukuma.

Ko.

Shuka lilidondoka mchangani. Mama aliutazama uso ule, kisha bega, kisha uso tena. Alikuwa amelala karibu na mumewe miaka yote. Alimfulia mashati. Akasogea, akaweka kiganja chake kwenye shavu la binti, palepale penye kishimo, akakishikilia hadi tabasamu lilipokoma.

"Alikuwa anacheka hivyo hivyo," akasema. Halafu akaongeza, "Aliniambia nitaiumiza."

Aliingia ndani, akatoka na nyundo. Mpira alidhani anataka kuiangusha nguzo, akasogea pembeni, lakini mama aligeuza nyundo upande wa makucha, akapiga magoti, akaanza na msumari wa chini kabisa. Ulikuwa na kutu, ukapiga kelele kutoka. Akaushika kiganjani, akaenda kwa wa pili. Mingine ilikatika vichwa, ikabaki ndani. Hiyo aliipapasa kwa kidole, akaipita.

Alipofika kwenye misumari ya juu, asiyoweza kuifikia, alimwomba binti yake aishike kamba isidondoshe nguo zilizobaki. Kisha akasita, akageuka.

"Mkono gani," akauliza, "ndio usiouma?"

"Yote inauma, mama."

"Basi kaa," mama akasema. Akaingia ndani tena, na Mpira akasikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni, kikigonga kizingiti, kikiburutwa tena. Kilikuwa kiti cha chuma.